Kumkumbuka wakili wa utetezi aliyependa kurusha ndege: uchambuzi wa kisa kutoka Tanga

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu namna mawakili, familia na marafiki wa mji wa Tanga walivyoandaa kumbukumbu ya wakili wa kujitegemea aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwatetea washtakiwa wa makosa ya jinai, na ambaye nje ya mahakama alikuwa rubani wa ndege ndogo. Kimeandikwa kwa ajili ya mawakili vijana, makarani wa ofisi za sheria, na yeyote atakayeombwa kuandika wasifu wa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutunza siri za wengine. Nimeisoma mihtasari ya kamati iliyoshughulikia kumbukumbu hiyo na kuzungumza na wajumbe wake. Majina, miaka na maelezo ya mashauri yameondolewa au kubadilishwa, na marehemu anatajwa hapa kama Wakili M. Masharti ya sheria na ya urubani yametajwa kama yalivyo.

Usuli

Wakili M. alifanya kazi peke yake. Ofisi yake ilikuwa na vyumba viwili katika mojawapo ya zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba, na ndani yake mlikuwa na karani aliyekuwa naye tangu ofisi ilipofunguliwa, binti wa mapokezi, na mara kwa mara kijana anayesubiri kuapishwa uwakili. Mshirika hakuwa naye, na upungufu huo, ambao katika siku za kawaida hauonekani, ndio uliozaa nusu ya matatizo yatakayoelezwa hapa.

Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa mashauri ya mauaji mbele ya Mahakama Kuu. Wateja wachache walimlipa wenyewe. Wengi alipangiwa na mahakama, kwa utaratibu ambao mshtakiwa wa mauaji asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Malipo ya kazi hiyo ni madogo na wapo mawakili wanaoifanya ilimradi siku ipite. Yeye hakuifanya hivyo, na sababu yake ilikuwa ya kisheria kabla ya kuwa ya huruma: mtu mzima anayetiwa hatiani kwa kosa la kuua kwa kukusudia hupewa adhabu moja tu, kunyongwa hadi kufa, isipokuwa mwanamke akiwa mjamzito. Ingawa hakuna aliyenyongwa nchini tangu 1994, jaji akishaona kosa limethibitika hana mahali pa kupunguzia. Katika mashauri mengine wakili aliyeshindwa kwenye hukumu anaweza bado kumwombea mteja wake kwenye adhabu, lakini katika shauri la mauaji mlango huo haupo, kwa hiyo utetezi wote unategemea maswali yanayoulizwa mashahidi wakiwa bado kizimbani.

Alisifika zaidi katika suala la utambuzi wa usiku. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na si wa kutegemewa sana, na kwamba mahakama isiutumie kumtia mtu hatiani mpaka iridhike kuwa uwezekano wote wa kukosea umeondolewa: shahidi alimwona mtuhumiwa kwa muda gani, kutoka umbali gani, kwa mwanga upi, na kama alimfahamu kabla ya hapo. Kanuni hii kila wakili anaikariri. Wakili M. aliitembelea kwa miguu. Alikwenda mwenyewe kwenye nyumba za Muheza au Handeni ambako tukio lilisemekana kutokea, akapima hatua kutoka kwenye kitanda hadi mlangoni, akauliza kibatari kiliwekwa wapi na utambi wake ulikuwa umepandishwa kiasi gani. Wale waliowahi kumsikia akimhoji shahidi kwa maswali ya dodoso wanakumbuka kwamba hakupaza sauti, na kwamba swali la taa lilikuja mapema, kabla shahidi hajajua linaelekea wapi.

Urubani aliuanza akiwa na zaidi ya miaka 40. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, leseni ya rubani binafsi inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 17, awe ameruka saa zisizopungua 40, au 35 akiwa katika mafunzo yaliyoidhinishwa, afaulu mitihani ya nadharia na awe na cheti cha afya kilicho hai. Aliipata leseni hiyo, kisha akaingia ubia na marafiki wawili wa ndege aina ya Cessna 172, ndege ya viti vinne na injini moja, yenye mabawa juu ya madirisha, hivyo kwamba anayekaa ndani anaiona ardhi bila kizuizi. Kutoka uwanja wa Tanga kwenda magharibi mtu huona mistari ya mashamba ya mkonge hadi safu ya Usambara inapoinuka. Kwenda mashariki ni bahari, na baada ya kilomita zaidi ya 80 ni uwanja wa Pemba, mwendo wa chini ya nusu saa. Safari ya Pemba ndiyo aliyoipenda, na ndiyo iliyohitaji hadhari zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa yake iko juu ya mkondo wa maji marefu na ndege ya injini moja haina ya pili ya kuitegemea.

Miaka ya mwisho ya maisha yake hakuruka kabisa. Watu wengi mjini hawakulijua hilo.

Mfululizo wa matukio

Alifariki ghafla, nyumbani kwake, majira ya kusi, siku chache baada ya kumaliza kikao cha mashauri. Alizikwa kesho yake baada ya sala ya adhuhuri. Kabla jua halijatua, habari iliyokuwa imeenea kutoka Chumbageni hadi sokoni ni kwamba wakili ameanguka na ndege baharini. Ndege ilikuwa imefungwa kwa kamba uwanjani pale pale, na yeyote aliyetaka angeweza kwenda kuitazama, lakini uvumi wa namna hii haungoji mtu aende uwanjani.

Msibani, jioni ile ya mazishi, mambo mawili yalitokea ambayo kamati ilikuja kuyashughulikia kwa wiki kadhaa. La kwanza, wakili mmoja aliyekuwa rafiki wa karibu wa marehemu alisimama kutoa neno, na kwa uchungu aliokuwa nao akamsifu kuwa ndiye "aliyewatoa hata wale ambao kila mtu alijua wamekwisha", akalitaja na shauri lenyewe. Aliyeachiwa huru katika shauri hilo alikuwa ameketi kwenye mkeka wa tatu. Upande wa pili wa ua, miongoni mwa majirani, alikuwepo kaka wa mtu aliyeuawa katika tukio hilohilo, ambaye alikuja kumpa pole mjane kwa kuwa wanakaa mtaa mmoja. Aliinuka akaondoka kabla ya chakula.

La pili lilitokea usiku, wakati vijana waliobaki kukesha walipomzunguka karani. Mzee huyu aliijua ofisi kuliko mtu mwingine yeyote aliye hai. Akaanza na visa vya kuchekesha vya mahakamani, ambavyo havikuwa na ubaya, kisha akafika kwenye maneno ambayo mshtakiwa mmoja alimwambia wakili siku ya kwanza walipoonana mahabusu. "Huyo faili lake nililibeba mimi kwa mikono yangu," alisema, "najua kilichosemwa." Kijana mmoja aliyekuwa akisikiliza alikuwa mwanafunzi wa sheria, naye ndiye aliyepeleka habari kwa mawakili asubuhi.

Tatizo la tatu lilikuwa kimya zaidi. Binti wa mapokezi aliporudi ofisini na kufungua shajara ya mashauri, aliona kwamba mteja mmoja aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya na kutozwa faini alikuwa ameagiza rufaa ikatwe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa anayetaka kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu siku kumi za kutoa taarifa ya kusudio lake, kisha siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe, ukiondoa muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Siku kumi zile zilikwisha wakati watu wako matangani. Mteja mwingine aliyekuwa katika hali hiyohiyo, lakini akiwa gerezani, alikuwa ametoa taarifa yake mwenyewe kupitia kwa uongozi wa gereza, kama sheria inavyoruhusu. Kwa maneno mengine, aliyefungwa alikuwa salama kuliko aliyekuwa huru.

Baada ya hapo mawakili wa mkoa waliunda kamati ya watu watano: mawakili wawili, binti mkubwa wa marehemu, mmoja wa wabia wa ndege, na mtumishi mstaafu wa mahakama. Walikabidhiwa kuandaa wasifu utakaosomwa kwenye arobaini, na hotuba fupi kwa ajili ya kikao cha kumbukumbu mahakamani.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio uliokuwa bora kuliko yote, ulikuwa kutoandika hata mstari mmoja wa wasifu mpaka majalada yaliyo hai yapate mwenyewe. Mjumbe mmoja alipinga, akisema kamati iliundwa kwa ajili ya kumbukumbu wala si kwa ajili ya ofisi. Alijibiwa kwamba watu walioko mahabusu wakingoja kusikilizwa ndio sehemu ya maisha ya marehemu iliyokuwa bado inaendelea. Mashauri yaliyopangwa na mahakama yalirudishwa kwa Naibu Msajili ili washtakiwa wapangiwe mawakili wengine. Wateja waliolipa wenyewe waliitwa mmoja mmoja, wakaelezwa kwamba jalada si sehemu ya mirathi na kwamba hawalazimiki kumfuata wakili yeyote, kisha kila mmoja akasaini ridhaa ya jalada lake kwenda kwa wakili aliyemchagua. Hapa palikuwa na mvutano na mdogo wa marehemu, ambaye ukoo ulikuwa umempendekeza kuwa msimamizi wa mirathi. Aliona salio la benki akadhani ni urithi. Ilibidi aelezwe zaidi ya mara moja, kwa upole, kwamba fedha zilizowekwa na wateja kwa ajili ya kazi ambayo haijafanyika ni za wateja.

Kuhusu karani, kamati ilimwita na kumpa heshima ya kuketi naye kama mzee, bila kumkaripia. Alisomewa Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inayomkataza wakili kutoa siri aliyopewa na mteja kwa ajili ya kazi yake pasipo ridhaa ya wazi ya mteja huyo, na inayoeleza kwamba wajibu huo unaendelea hata kazi ikiisha. Kinachosahauliwa na wengi ni kwamba sheria hiyohiyo inawafunga makarani, wakalimani na watumishi wa wakili. Siri ni mali ya mteja, na kifo cha wakili hakimwachii mtu mwingine ruhusa ambayo wakili mwenyewe hakuwa nayo. Ipo mipaka, kwa mfano mawasiliano yaliyofanywa ili kutekeleza jambo la haramu, lakini visa vya karani havikuwa vya namna hiyo. Mzee aliuliza swali moja: "Sasa mimi nimkumbuke kwa lipi, kama yote niliyoyaona ni siri?" Kamati haikuwa na jibu la papo hapo, na nadhani swali lake ndilo lililoielekeza kazi yote iliyofuata.

Suala la hukumu za wazi lilijadiliwa kwa muda mrefu. Wakili mmoja alisema kwamba hukumu ya Mahakama Kuu au ya Mahakama ya Rufani ni waraka wa umma, majina yamo ndani yake, na hakuna sheria inayokataza kuzitaja. Hoja yake ilikuwa sahihi kisheria. Iliyoishinda ni hoja ya mtumishi mstaafu, aliyekumbusha kwamba mtu aliyeachiwa huru bado anauza samaki katika soko lilelile ambalo ndugu wa aliyeuawa katika kesi yake hununulia, na kwamba kulisoma jina lake kwenye kipaza sauti ni kumshtaki upya mbele ya baraza lisilo na jaji. Ikaamuliwa kwamba wasifu ueleze kanuni na namna ya kazi, usitaje shauri lolote. Mteja anayetaka kusema habari zake mwenyewe angeruhusiwa, kwa kuwa siri ni yake, ilimradi asimguse mtu wa upande wa pili.

Ndipo likaja daftari la safari za ndege. Kila rubani hutunza daftari linaloonyesha tarehe, ndege, njia, muda aliokuwa angani, na safu nyembamba ya maoni. Binti wa marehemu alilileta kwenye kikao akiwa hana hakika kama lina maana yoyote. Familia ilikuwa imezoea kumsikia akisimuliwa kama shujaa wa dhoruba, rubani aliyeivuka bahari wakati wengine wamejificha. Daftari lilisema kinyume. Katika ukurasa baada ya ukurasa kulikuwa na safari za kwenda Pemba zilizoishia njiani, na kwenye safu ya maoni ameandika kwa mwandiko wake wa mahakamani: "Wingu chini. Nimerudi." Au: "Kusi kali, nimerudi kabla ya mkondo." Mahali pengine: "Maji kwenye tangi la kushoto. Nimemwaga mpaka mafuta yakawa safi. Sikuruka." Mbia wake alilieleza hilo kwa wajumbe wasiojua ndege. Leseni yake ilikuwa ya kuruka kwa kuona kwa macho, haikumruhusu kuingia mawinguni, na rubani wa namna hiyo akiingia ndani ya wingu anaweza kupoteza haraka hisia ya juu ni wapi na chini ni wapi. Kuhusu mafuta, rubani huchota kidogo kutoka chini ya kila tangi kabla ya kuruka na kuyatazama kwenye chombo kinachoonyesha ndani, kwa sababu mafuta ya ndege za injini ya pistoni hutiwa rangi ya buluu na maji yaliyojitenga huonekana chini yake. Katika pwani yenye unyevu kama ya Tanga, tangi lililoachwa nusu usiku kucha linaweza kuwa na maji asubuhi.

Kamati iliamua kuyasoma maoni hayo kama yalivyo na kuacha kisa cha dhoruba. Majina ya abiria yalifichwa, na ukurasa mmoja uliomtaja abiria aliyekuwa pia mteja haukuguswa kabisa.

Ndugu mmoja aliomba iongezwe sifa ya kwamba marehemu aliwavusha wagonjwa wa Pemba kuja hospitali ya Bombo "kwa bei nafuu kuliko ndege za abiria". Alisema kwa nia njema. Ila leseni ya rubani binafsi hairuhusu kurusha ndege kwa malipo, na sentensi ile ingemshuhudia marehemu kwamba alivunja masharti ya leseni yake, mbele ya watu ambao wangeiamini kwa sababu imesemwa na nduguze. Mbia aliulizwa, akathibitisha kwamba safari hizo zilikuwepo lakini hakuna abiria aliyelipa. Mafuta waliyagharamia wenye ndege. Ikaandikwa hivyo.

Lililobaki ni kuacha kwake kuruka. Mjane hakutaka ugonjwa wa mumewe usomwe hadharani. Kamati iliheshimu, ikaandika tu kwamba "miaka ya mwisho hakuruka".

Matokeo

Kikao cha mahakamani kilikwenda vizuri, na aliyesema vizuri kuliko wote alikuwa wakili wa serikali ambaye kwa miaka mingi alikuwa mpinzani wake. Hakusimulia shauri lolote. Alisema kwamba wakili msomi mwenzake, alipokuta uamuzi wa Mahakama ya Rufani unaompinga, aliuleta mwenyewe mbele ya jaji kabla upande wa mashtaka haujautaja, kisha akaeleza kwa nini hauhusiani na shauri lililopo; na kwamba jambo hilo lilimlazimu yeye, wakili wa serikali, kujiandaa zaidi.

Kwenye arobaini, baada ya hitima, sheikhe aliomba sifa zisizidi dua, na wasifu ukasomwa kwa dakika chache. Kisa cha maji kwenye tangi ndicho kilichowafanya watu wacheke na kutikisa vichwa, kwa kuwa kila aliyewahi kuingia ofisini kwake aliwahi kurudishwa nyumbani kuleta karatasi iliyopungua. Mzee mmoja aliyewahi kutetewa naye aliomba kusema. "Alinijia gereza la Maweni mvua inanyesha, akaniuliza taa ilikuwa wapi," alisema. "Hakuniuliza kama nimeua." Akaketi.

Mteja wa faini aliomba Mahakama Kuu imwongezee muda, akieleza kwamba wakili wake alifariki ndani ya siku kumi zile. Sheria inairuhusu mahakama kufanya hivyo kukiwa na sababu ya msingi, na maombi yalikubaliwa. Karani alinyamaza, na baadaye akakubali kazi ya kuandaa orodha ya majalada yaliyokwisha, kazi ambayo hakuna mwingine angeiweza.

Lakini uvumi haukuisha, ulibadilika sura. Watu waliposikia kwamba miaka ya mwisho hakuruka, bila sababu kutajwa, baadhi waliliunganisha na uvumi wa ajali wakasema alinyang'anywa leseni kwa kosa. Ilimchukua mjane muda kukubali kwamba kimya chake ndicho kilichokuwa kinamchafua mumewe.

Uchambuzi

Tuanze na neno la msibani, kwa kuwa ndilo lililoleta madhara ya haraka. Rafiki aliyesema kwamba marehemu "aliwatoa waliokwisha" alidhani anamsifu kwa ustadi. Ukiitazama kauli ile kwa jicho la sheria, inasema mambo matatu: kwamba aliyeachiwa alikuwa na hatia, kwamba mahakama ilidanganyika, na kwamba kazi ya wakili ni hila. Katiba ya 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike. Anayesifu utetezi kwa kudokeza hatia ya mteja anakanusha msingi uleule ambao marehemu aliusimamia maisha yake yote. Aidha, kauli ile iliwaumiza ndugu wa aliyeuawa bila sababu. Kamati ilizuia isirudiwe, lakini haikumtuma mtu kwa yule kaka aliyeondoka kabla ya chakula. Miezi kadhaa baadaye jirani mmoja alikwenda kwa hiari yake, akapokewa. Kwa mila za mji huu, mzee mmoja wa msibani angepaswa kwenda kesho yake asubuhi.

Uamuzi wa kutotaja mashauri ya wazi unaweza kubishaniwa. Katika mji mkubwa, au miaka mingi baada ya tukio, ningeona ni hadhari iliyopitiliza, kwa sababu historia ya sheria inaandikwa kwa majina ya mashauri. Hata hapa nimelitaja la Waziri Amani bila wasiwasi. Kilichoamua ni ukaribu wa watu na ukaribu wa wakati. Hoja ya soko la samaki ilikuwa hoja ya Tanga, na haipaswi kunakiliwa kila mahali.

Daftari la ndege lilifaa kuliko kamati ilivyotarajia, na sababu yake inafaa kuelezwa. Mwandishi wa wasifu wa wakili wa utetezi hukuta kwamba nyaraka zinazomweleza mtu wake vizuri zaidi ndizo zilizofungwa: maelezo ya mteja, barua, madokezo ya usiku wa kuamkia kesi. Zilizobaki wazi ni hukumu, ambazo zimeandikwa na jaji na humtaja wakili kwa sentensi moja au mbili. Wakili M. alikuwa na bahati ya kuwa na maisha ya pili yaliyoandikwa kwa mkono wake, yasiyo na siri ya mtu, na ambamo tabia ileile ya kazini ilionekana. Mtu aliyerudi nyumbani kwa sababu ya wingu alilokuwa bado mbali nalo ndiye huyohuyo aliyekataa kumwita shahidi ambaye hakujiridhisha na maelezo yake. Nasema hivi kwa tahadhari, kwa kuwa ni rahisi kuufanya urubani uwe fumbo la uwakili, na mjumbe mmoja alijaribu katika rasimu ya kwanza, akajaza kurasa za mabawa na anga ya haki. Rasimu hiyo ilitupwa, na ilistahili. Alipenda kuruka kwa sababu alipenda kuruka. Mbia wake anasema alikuwa akitabasamu tangu magurudumu yanapoacha lami. Daftari lilisaidia kwa ukweli wake wa kawaida, bila kuhitaji kufasiriwa, na lilikuwa pia jibu kwa swali la karani.

Ofisi ya mtu mmoja ndiyo iliyoshindwa waziwazi. Wakili aliyekagua mafuta kila asubuhi hakuwa ameacha maandishi yoyote ya nani afungue shajara yake akifariki. Mteja wa faini aliokolewa na busara ya mahakama, na kuongezewa muda si haki ya moja kwa moja. Mwombaji mwingine, mwenye maelezo dhaifu zaidi, angeweza kukataliwa. Barua ya ukurasa mmoja kwa wakili mwenzake, ikiwa na idhini ya wateja iliyochukuliwa tangu siku ya kufungua jalada na maelezo ya mahali funguo zilipo, ingetosha. Binti wa mapokezi alijua tarehe zote, lakini hakuna aliyemwambia kwamba anaruhusiwa kumpigia simu mtu.

Kuhusu afya, ninaona kamati ilikuwa sahihi kumsikiliza mjane na ilikosea katika uandishi. Kwa viwango vya kimataifa cheti cha afya cha rubani binafsi hudumu miezi 60, hupungua hadi miezi 24 baada ya kutimiza miaka 40, na miezi 12 baada ya 50. Ni jambo la kawaida kabisa kwa rubani wa umri wake kutohuisha cheti, na mara nyingi rubani mwenyewe ndiye anayeamua kutokwenda tena kwa daktari wa anga. Ungeweza kuandika kwamba "alipofika umri ambao rubani hupimwa afya kila mwaka, aliamua kuiacha ndege chini," bila kutaja ugonjwa, na bila kuacha pengo la kujazwa na watu wa vijiweni. Sentensi ya namna hiyo ndiyo iliyoingizwa hatimaye, kwa idhini ya mjane, katika nakala iliyohifadhiwa na familia pamoja na daftari. Iliyosomwa kwenye arobaini haikuwa nayo, na nakala zake zilikwisha kugawiwa.